Florence Nightingale: Muuguzi aliyeanzia kazi jikoni

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo tarehe 12 Mei, wauguzi duniani kote huadhimisha siku yao. Hapa Afrika Mashariki, maadhimisho hayo huambatana na kuwasha mishumaa na kurudia kiapo chenye jina la mwanamke mmoja Mwingereza aliyefariki dunia zaidi ya karne moja iliyopita. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820.

Walio wengi humfahamu kwa taa aliyoibeba usiku akipita kati ya vitanda vya askari wagonjwa. Ni wachache wanaofahamu kwamba miongoni mwa kazi zake za mwanzo katika hospitali hiyo ya vita ilikuwa kuwasha majiko, na kwamba mafundisho yake kuhusu namna ya kumlisha mgonjwa ni sehemu kubwa ya urithi aliouachia uuguzi.

Nightingale alizaliwa katika mji wa Florence nchini Italia, wakati wazazi wake, William na Frances, walipokuwa katika safari ndefu barani Ulaya baada ya harusi yao. Jina lake lilitokana na mji huo. Familia ilikuwa tajiri, ikimiliki nyumba kubwa mbili nchini Uingereza: Lea Hurst katika jimbo la Derbyshire na Embley katika jimbo la Hampshire. Baba yake alimfundisha mwenyewe lugha, historia na falsafa, elimu ambayo wasichana wengi wa zama hizo hawakuipata. Naye alipenda mno hisabati, na mapenzi hayo yalikuja kumfaa baadaye.

Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliamini kwamba Mungu amemwita kumtumikia. Ilimchukua muda kutambua kuwa wito huo ulikuwa wa kuwahudumia wagonjwa, na alipoieleza familia yake, alikataliwa. Uuguzi wakati huo ulihesabiwa kuwa kazi ya wanawake maskini wasio na mafunzo, nazo hospitali zilikuwa kimbilio la watu wasio na uwezo wa kutibiwa nyumbani. Alikataa kuolewa, akasubiri miaka mingi, akisoma kimyakimya taarifa za hospitali za nchi mbalimbali. Hatimaye, mwaka 1851, aliruhusiwa kukaa takribani miezi 3 huko Kaiserswerth, Ujerumani, ambako Mchungaji Theodor Fliedner aliendesha kituo cha kuwafunza mashemasi wa kike kazi ya kuuguza.

Agosti 1853 alikabidhiwa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake katika mtaa wa Harley, London. Moja ya mambo aliyoyataka mapema ni kifaa cha kupandishia chakula kutoka jikoni hadi ghorofani, pamoja na mabomba ya maji moto katika kila ghorofa. Hoja yake ilikuwa ya wazi: muuguzi anayeshinda kwenye ngazi akibeba sinia hana muda wa kukaa na mgonjwa. Tangu mwanzo, basi, hakuitenganisha njia ya chakula na kazi ya uuguzi.

Mwaka uliofuata, Uingereza na Ufaransa ziliingia katika Vita vya Krimea, zikiwa upande wa Dola ya Osmani dhidi ya Urusi. Habari za gazeti la The Times kuhusu mateso ya askari wagonjwa ziliwakasirisha wananchi wa Uingereza. Sidney Herbert, waziri katika Serikali na rafiki wa Nightingale, alimwomba aongoze kundi la wauguzi kwenda vitani. Aliondoka London tarehe 21 Oktoba 1854 akiwa na wauguzi 38, na tarehe 4 Novemba walifika Scutari, ng'ambo ya pili ya Istanbul, ambako kambi kubwa ya jeshi ilikuwa imegeuzwa hospitali.

Hali ya chakula hospitalini hapo ilikuwa ya kusikitisha. Nyama ya wagonjwa wote ilichemshwa katika masufuria makubwa mno. Askari aliyehudumia wodi alipewa nyama mbichi, akaifunga alama ili aitambue, kisha akaitumbukiza majini pamoja na vipande vya wenzake. Kipande kilichotangulia kiliiva kupita kiasi, na kilichoingia mwisho mara nyingi kilitolewa kikiwa bado kibichi. Mgawo ulipimwa kwa uzito pamoja na mifupa, hivyo mgonjwa mmoja aliweza kupata mnofu na jirani yake akaambulia mfupa mtupu. Chai ilichemshwa katika masufuria yaleyale. Wakati chakula kinamaliza kuzungushwa katika wodi zote, kilikuwa kimepoa, na wagonjwa wengi hawakuwa hata na kisu cha kukatia nyama hiyo.

Wagonjwa wenyewe walikuwa watu wa kuhara damu, homa, vidonda na kiseyeye. Mtu ambaye fizi zake zimevimba na kutoka damu hawezi kutafuna nyama ngumu. Madaktari walikuwa na utaratibu wa kuandika milo ya namna mbalimbali, ukiwamo mlo mwepesi kwa waliodhoofu, lakini amri ya daktari haikuwa na maana pale ambapo jiko halikuweza kuitekeleza.

Baadhi ya madaktari wa jeshi hawakupendezwa na ujio wa wanawake hao, na mwanzoni hawakuwaruhusu kufanya kazi wodini. Nightingale hakubishana nao. Aliwazuia wauguzi wake kugusa mgonjwa yeyote bila idhini ya daktari, akaelekeza nguvu zake mahali palipokuwa wazi kwake, yaani upishi. Kwa majiko ya kuhamishika na vyakula alivyonunua njiani, alianza kutayarisha uji mwepesi wa wanga, mchuzi wa nyama, jeli na divai kwa ajili ya wagonjwa mahututi. Siku chache baadaye majeruhi wa mapigano ya Inkerman walipomiminika kwa mamia, madaktari wenyewe walimwita awasaidie. Majiko ya milo maalumu yalifunguliwa sehemu mbalimbali za hospitali, na sharti lilibaki lilelile: hakuna mlo wa tiba utakaotolewa bila maandishi ya daktari.

Machi 1855 alimpata mshirika asiyetarajiwa. Alexis Soyer, mpishi Mfaransa aliyepata umaarufu mkubwa London, alikwenda Scutari kwa gharama zake mwenyewe. Soyer alitumia mgawo uleule wa jeshi kupika supu na vyakula laini vilivyolika, akawafunza askari maalumu kuwa wapishi wa kudumu badala ya kila mmoja kushika zamu asiyoijua. Jiko alilolibuni, lililotumia kuni kidogo, liliendelea kutumiwa na jeshi la Uingereza kwa zaidi ya miaka 100. Wawili hao walionesha kwamba tatizo la Scutari halikuwa uhaba wa chakula peke yake. Chakula kilikuwapo, ila kilipotea kati ya bohari na kinywa cha mgonjwa.

Jambo hilohilo lilitokea hata mstari wa mbele. Askari walipewa kahawa mbichi isiyokaangwa, wakati hawakuwa na kuni za kuikaanga. Shehena ya maji ya ndimu, dawa ya kiseyeye iliyojulikana kwa miaka mingi, ilifika bandarini Balaklava ikakaa bila kugawiwa huku watu wakiendelea kuugua.

Hata hivyo, majiko mazuri hayakutosha kuzuia vifo. Februari 1855, miezi 3 baada ya Nightingale kufika, kati ya kila wagonjwa 100 waliotibiwa Scutari walikufa wapatao 42. Hospitali ilikuwa imejengwa juu ya mifereji ya majitaka iliyoziba. Machi mwaka huo Serikali ilituma tume ya usafi, ambayo ilizibua mifereji, ikasafisha njia za maji na kuingiza hewa katika wodi. Kufikia Juni kiwango cha vifo kilikuwa kimeshuka hadi wagonjwa 2 kati ya 100.

Aliporudi Uingereza mwaka 1856, Nightingale alizichambua takwimu hizo kwa msaada wa mtakwimu William Farr. Alithibitisha kuwa askari waliouawa na magonjwa yanayozuilika walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi, akachora michoro ya duara iliyowafanya viongozi waione hali hiyo kwa macho. Hakuificha picha hiyo ingawa ilihusu hospitali aliyofanyia kazi yeye mwenyewe. Tangu hapo, katika maandishi yake, chakula kilikaa pamoja na hewa safi, maji salama, mwanga na usafi. Hakikusimama peke yake.

Wakati huo afya yake ilikuwa imeharibika. Mei 1855, akiwa Balaklava, alishikwa na homa kali iliyokaribia kumuua. Wataalamu wengi wa baadaye wanaiona kuwa brusela, ugonjwa ambao binadamu huweza kuupata kwa kunywa maziwa ya mifugo yasiyochemshwa. Kwa miaka mingi aliishi akiwa kitandani au chumbani. Yeye aliyewalisha wagonjwa sasa alikuwa mgonjwa wa kulishwa.

Mwishoni mwa mwaka 1859 alichapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu uuguzi, Notes on Nursing, kilichokusudiwa wanawake wote waliokuwa na mgonjwa nyumbani. Sura mbili zake zinahusu chakula: moja inaeleza namna ya kumlisha mgonjwa, nyingine inaeleza ni chakula gani apewe. Mpangilio huo una maana. Alianza na namna ya kulisha, kwa kuwa aliamini maelfu ya wagonjwa hufa njaa kila mwaka katikati ya chakula tele, kwa sababu tu hakuna anayefuatilia kama wameweza kukila.

Alifundisha kwamba mgonjwa dhaifu mara nyingi hawezi kula kitu kigumu kabla ya saa tano asubuhi, kwa hiyo asiachwe na njaa ya usiku kucha akingoja mlo mkubwa asioumudu. Mgonjwa aliyeandikiwa kikombe kila baada ya saa 3, tumbo likakikataa, ajaribiwe kijiko cha mezani kila saa, na hicho kikimshinda, kijiko cha chai kila robo saa. Sahani ambayo haikuguswa iondolewe, isiachwe pembeni ya kitanda kwa matumaini kwamba atakula baadaye, maana kuiona tu humtia kinyaa. Mgonjwa asione wala asinuse vyakula vya wengine, na asisumbuliwe kwa mazungumzo wakati anakula. Chakula kifike kwa saa yake, na pakiwa na upungufu, muuguzi awe na akiba ya kitu kingine. Hata chini ya kikombe pawe pakavu, ili matone yasichafue shuka na nguo za mgonjwa.

Kuhusu aina za chakula, alionya dhidi ya mazoea. Watu wa zama zake waliamini kuwa kikombe cha mchuzi wa nyama kina nguvu ya nyama nzima. Yeye alieleza kwamba mchuzi huo ukikaushwa, kinachobaki ni kidogo sana. Jeli nayo, alisema, hushibisha macho kuliko mwili. Alisifu maziwa, ila akasisitiza yawe mabichi ya siku hiyo, kwa kuwa yaliyoanza kuchacha humdhuru mgonjwa. Juu ya yote, alitaka tumbo la mgonjwa ndilo litoe hukumu. Daktari humwona mgonjwa mara moja kwa siku, lakini muuguzi yupo naye saa zote, na ndiye anayepaswa kutoa taarifa ya kilicholiwa, kilichobaki na kilichotapikwa.

Sayansi ya lishe imesonga mbele tangu hapo. Nightingale aliandika kabla ya vitamini kujulikana, na divai aliyowapa wagonjwa si sehemu ya tiba ya leo. Milo ya wagonjwa wa kisukari, figo au shinikizo la damu sasa hupangwa na wataalamu wa lishe kwa vipimo. Lakini utaratibu wa kuandika kiasi alichokula na kunywa mgonjwa, ambao kila mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa, unafuata mkondo uleule wa mafundisho yake.

Julai 1860 shule ya uuguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas', London, kwa fedha za michango ya wananchi. Wahitimu wake walikwenda kuanzisha mafunzo kama hayo katika nchi mbalimbali. Katika miaka iliyofuata Nightingale aligeukia India, iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Hakuwahi kufika huko, lakini alikusanya taarifa kwa miongo kadhaa, na njaa kubwa ya miaka ya 1876 hadi 1878 ilipoua mamilioni ya watu, aliandika kudai mifereji ya umwagiliaji na haki kwa wakulima waliokandamizwa na wenye ardhi na wakopeshaji.

Mwaka 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Ustahili ya Uingereza. Alifariki dunia akiwa usingizini nyumbani kwake London tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Familia, ikizingatia matakwa yake, haikukubali azikwe Westminster Abbey pamoja na watu mashuhuri wa taifa. Alizikwa kijijini East Wellow, karibu na Embley, na juu ya kaburi la familia ziliandikwa herufi mbili tu za jina lake pamoja na tarehe za kuzaliwa na kufa.

Katika hospitali zetu nyingi, chakula cha mgonjwa bado huletwa na ndugu kwenye hotipoti saa ya kuwaona wagonjwa. Fundisho la Nightingale linamhusu ndugu huyo sawasawa na linavyomhusu muuguzi. Kabla ya kuondoka, afunue chombo atazame kilichobaki, amweleze muuguzi mgonjwa amekula kiasi gani, na aulize kama alichokileta kinafaa kwa ugonjwa alionao.