Karen Blixen, bibi wa shamba aliyetafutia wafanyakazi wake udongo

Ndugu zetu wa Bunia wanaopitia Mahagi na Kampala kwenda Nairobi kwa biashara, wengi wanajua soko na hoteli ya kulala, basi. Lakini pembeni ya muji ule, upande wa milima ya Ngong, kuko nyumba moja ya mawe ambayo inafaa mufanyakazi aione. Ni nyumba ya Karen Blixen. Tangu 1986 ni nyumba ya makumbusho: munalipa mulangoni, munaonyeshwa vyumba, kisha munatembea mu bustani chini ya miti mikubwa. Wageni wengi wanaenda kule juu ya filme ya Wamarekani ya 1985 iliyoonyesha mapendo yake. Sisi watu wa migoti tumuangalie kwa upande wa kazi.

Karen alizaliwa Denmaki tarehe 17/4/1885, katika nyumba ya Rungstedlund, karibu na bahari. Baba yake alijiua wakati yeye alikuwa bado mutoto. Mwezi wa kwanza 1914 alishuka Mombasa, akaolewa palepale na Bror Blixen, mutoto wa watu wakubwa wa Sweden. Feza ya kuanza kazi ilitoka kwa jamaa ya Karen. Mupango wa kwanza ulikuwa kufuga ngombe wa maziwa, lakini Bror akanunua shamba la kahawa bila kungojea shauri la mutu.

Pale ndipo matatizo yalianzia. Shamba lilikuwa juu sana, karibu metre 1.800, mahali pa baridi na upepo. Mvua ilikuwa inakosekana miaka mingine, na udongo haukupenda kahawa. Mwaka kwa mwaka mavuno hayakulipa deni. Tena Bror alipenda kuwinda na kutumia feza kuliko kazi, na alimuletea bibi yake ugonjwa wa kaswende. Mu 1921 wenye sosiyete wakamutosha Bror, wakamuachia Karen shamba lote. Mu 1923 kiwanda cha kahawa kikaungua. Mu 1925 ndoa yao ikavunjwa kabisa.

Sasa wafanyakazi walikuwa nani? Wengi walikuwa Wakikuyu. Udongo ule ulikuwa udongo wa Waafrika mbele ya wakoloni Waingereza kuugawanyia wazungu. Baada ya hapo mutu alibaki juu ya udongo wa bibi mukubwa kwa sharti: alime kashamba kake, afuge mbuzi zake, lakini atumikie shamba siku nyingi kila mwaka. Sheria ya wakoloni ya 1918 ilidai siku 180. Ni nusu ya mwaka! Tusidanganyane: Karen alikula matunda ya sheria ile, kama wazungu wengine. Wema wake hauifanyi kuwa ya haki.

Lakini tuseme pia ukweli wa upande mwingine. Alijifunza Kiswahili. Asubuhi alihudumia wagonjwa nyumbani kwake. Alifungua masomo ya mangaribi kwa watu wa shamba. Kijana Kamante, aliyekuwa na vidonda vibaya vya miguu, alipelekwa hospitali ya misioni, akapona, akawa mupishi wa nyumba. Na inje ya nyumba kulikuwa meza iliyotengenezwa na jiwe la kusagia. Pale Karen alikaa, wafanyakazi wakasimama mbele yake, mambo ya kazi na ya palabre yakazungumzwa uso kwa uso. Aliyekaa ni mumoja, waliosimama ni wengi, hatusahau. Lakini walau alikuwa anasikia.

Mu 1931 sosiyete ikaanguka. Shamba likauzwa kwa mutu wa kugawanya viwanja. Wazee wa shamba wakaambiwa: muhame. Waende wapi? Ngombe na mbuzi wao wangekula wapi? Wao wakamuomba Karen jambo moja tu: wapate udongo mahali pamoja, wasitawanyike. Walijua kwamba watu wakitawanyishwa, hata ukumbusho wao unakufa.

Mwaka uleule, mwezi wa tano, rafiki yake Denys Finch Hatton akafa mu ndege iliyoanguka Voi. Akamuzika kwenye milima ya Ngong. Mutu mwingine angefunga mizigo siku ile. Yeye, bila feza, bila nyumba, akaanza kuzunguka mu mabiro ya leta Nairobi. Biro hii inamutuma kwa biro ile. Wakubwa wakamuambia haiwezekani. Akarudia, akarudia, mpaka kwa guvernere. Mwishoni leta ikakubali kuwapa watu wa shamba lake sehemu ya pori la Dagoretti, wakae pamoja. Baada ya hapo akapanda mashua kurudi Ulaya, akiwa na miaka 46. Hakurudi Afrika tena.

Kule Rungstedlund akaandika vitabu. Kile cha shamba lake kilitoka 1937, kikamupa jina dunia nzima. Alikufa tarehe 7/9/1962, akazikwa mu bustani ya kwao, chini ya muti mukubwa. Kenya ilipopata uhuru, leta ya Denmaki ikaipa nyumba ya Ngong kama zawadi.

Sisi tuliozaliwa mu makambi ya kazi tunaelewa habari hii bila kuelezwa. Nyumba ni ya kazi. Kazi ikikufa, nyumba inafuata. Sosiyete inauzwa, karatasi inasainiwa mbali, na mama wa watoto sita anasikia habari kwenye redio. Wazee wale wa Ngong walipata bahati ya bibi mumoja mwenye roho. Bahati si haki. Lile ombi lao ndilo la kushika: udongo, na sisi pamoja. Tena liandikwe mbele ya kuuza, si nyuma. Mukifika kule, mwangalie vyumba, lakini mutoke pia mu bustani, muangalie milima ya Ngong, mujiulize udongo ule ulikuwa wa nani.