John Bardeen: Mwanafizikia mkimya aliyezipatanisha elektroni

JINA la John Bardeen halisikiki mitaani, ilhali hakuna mkazi wa mjini anayeweza kumaliza siku bila kutumia matunda ya kazi yake. Simu, redio na kompyuta zimejaa transista, kifaa alichoshiriki kukivumbua. Mpaka sasa ndiye mtu pekee aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mara mbili.

Alizaliwa Mei 23, 1908 mjini Madison, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani. Alifiwa na mama yake mwaka 1920, akaingia chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 15. Alisomea uhandisi, akafanya kazi katika kampuni ya mafuta, kisha akaacha mshahara wa uhakika na kwenda Princeton kusomea fizikia. Alihitimu shahada ya uzamivu mwaka 1936. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba wanafunzi walilazimika kutega masikio.

Desemba 16, 1947, katika Maabara za Bell, jimbo la New Jersey, Bardeen na Walter Brattain walifanikiwa kukuza mkondo wa umeme kwa kutumia kipande kidogo cha jerimaniamu. Ndiyo ikawa transista ya kwanza. Mkuu wao, William Shockley, hakufurahia kuona sifa zikienda kwa walio chini yake, na akawaweka kando katika utafiti uliofuata. Bardeen hakugombana naye. Mwaka 1951 alifungasha vitabu vyake akahamia Chuo Kikuu cha Illinois, na huko akarejea kwenye swali lililokuwa likimsumbua tangu kabla ya vita.

Swali lilikuwa hili: mwaka 1911 Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi nyuzi 269 hivi chini ya sifuri, ukinzani wake wa umeme hutoweka kabisa. Vitu vya namna hiyo huitwa supakondakta. Kwa zaidi ya miaka 40 mabingwa wa fizikia walishindwa kueleza sababu yake.

Bardeen aliwakusanya vijana wawili, Leon Cooper na Robert Schrieffer. Mwaka 1956 Cooper alionyesha kwamba elektroni, ambazo kwa kawaida hukimbiana, zinaweza kuunda jozi. Elektroni moja ikipita ndani ya metali baridi huzivuta kidogo atomu, na mvutano huo huikaribisha elektroni ya pili. Bado ilibaki kueleza jinsi jozi hizo zote zinavyosafiri kama kitu kimoja. Schrieffer alikwisha kukata tamaa na kufikiria kubadili mada ya utafiti wake. Bardeen, aliyekuwa akijiandaa kwenda Stockholm kupokea Nobel ya transista, alimsihi asubiri mwezi mmoja tu. Mapema mwaka 1957, akiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi jijini New York, kijana huyo alipata jibu.

Watatu hao walipata Nobel mwaka 1972. Kabla ya hapo Bardeen alihofu kwamba tuzo yake ya kwanza ingewakosesha vijana wake haki yao.

Hakuwa mtu asiyekosea. Mwaka 1962 alimpinga hadharani Brian Josephson, mwanafunzi wa Cambridge mwenye umri wa miaka 22, aliyedai kwamba jozi za elektroni zinaweza kupenya kizuizi chembamba. Majaribio ya mwaka 1963 yalimthibitisha kijana, naye Bardeen akakubali.

Mwaka 1986, Bardeen akiwa na miaka 78, Georg Bednorz na Alex Müller waligundua nchini Uswisi kiwanja chenye shaba na oksijeni kilichokuwa supakondakta kwenye joto ambalo nadharia ya 1957 haikulitarajia. Mwaka uliofuata kilipatikana kingine kilichofanya hivyo kwa nyuzi 180 hivi chini ya sifuri. Elektroni zake nazo huenda kwa jozi, lakini haikujulikana kinachoziunganisha. Bardeen alifariki dunia Januari 30, 1991 mjini Boston, fumbo hilo likiwa wazi.

Leo wanaolifuatilia hutumia leza zenye mipigo mifupi kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mpigo wa kwanza huzivunja jozi, wa pili hupima jinsi elektroni zinavyotulia na kuungana upya. Kwa kuwa atomu hutikisika taratibu kuliko elektroni zinavyogusana, muda huo husaidia kutenganisha wahusika. Mwaka 2011 watafiti waliripoti kwamba mpigo wa leza ulikipa kiwanja kimoja cha shaba, kwa kitambo kidogo mno, dalili za supakondakta ambazo hakikuwa nazo. Tafsiri ya matokeo ya aina hiyo bado inabishaniwa, na nadharia inayokubaliwa na wote haijapatikana.