Michael Faraday: Mwana wa mhunzi aliyechunguza wekundu wa dhahabu

Ukienda kupimwa malaria katika zahanati ya Geita, Kahama au Shinyanga vijijini, utachomwa kidole na tone la damu litawekwa kwenye kipimo kidogo cha plastiki. Baada ya dakika kama 15 hadi 20, mistari myekundu hujitokeza. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu huo si wino. Ni dhahabu, madini yaleyale yanayotafutwa kwenye maduara ya Nyarugusu na Rwamagasa. Aliyechunguza kwa kina jinsi dhahabu inavyoweza kuwa nyekundu ni Mwingereza Michael Faraday.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, karibu na London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na familia iliishi kwa shida. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kidogo tu. Alipofikisha miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi wa kujalidi vitabu, akakaa huko miaka saba. Vitabu alivyovijalidi alivisoma pia, hasa vya umeme na kemia.

Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za mihadhara ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa Royal Institution. Faraday aliandika aliyoyasikia, akajalidi daftari hilo kwa mikono yake, akampelekea Davy na kuomba kazi. Mwaka 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara, na taasisi hiyo ikawa mahali pake pa kazi kwa maisha yake yote.

Hesabu ngumu hakuzijua, lakini alijua kujaribu na kutazama. Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya huzalisha umeme. Jenereta zinazovuta maji machimboni leo hufuata kanuni hiyohiyo.

Mwaka 1856, akiwa na miaka 64, aligeukia dhahabu. Alitaka kujua mwanga hufanya nini unapokutana na dhahabu nyembamba sana. Alipokuwa akiitengeneza, aliona maji ya kuoshea yamekuwa mekundu. Alipopitisha mwale wa mwanga ndani yake, njia ya mwale ilionekana waziwazi. Akatambua kwamba maji hayo yamebeba vipande vya dhahabu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Alipotia chumvi, wekundu uligeuka kuwa bluu. Matokeo yake aliyatangaza mwaka 1857.

Maelezo kamili ya kihesabu yalitolewa mwaka 1908 na Mjerumani Gustav Mie. Gawanya milimita moja mara milioni moja: kila sehemu ni nanometa. Kipande cha dhahabu cha nanometa 20 au 40 kikipigwa na mwanga, elektroni zake huyumba pamoja, na mwanga hunaswa kukizunguka. Mwanga wa kijani humezwa, mwekundu hupita. Vipande vikisogeleana, rangi hubadilika. Ndiyo maana dhahabu hiyo inaweza kutumika kama kipimo: rangi yake hutoa habari za kitu kilichoigusa. Watafiti wameitumia maabara hata kutambua zebaki ndani ya maji, sumu inayowahusu sana wachimbaji wadogo wanaokamatishia dhahabu kwa zebaki.

Katika kipimo cha malaria, vipande hivyo hubeba kingamwili zinazoshika protini za vimelea. Protini hizo zikiwemo kwenye damu, dhahabu hukusanyika kwenye mstari wa T, nao huonekana. Usikivunje kutafuta dhahabu, kwani iliyomo ni kidogo mno, haifai hata kupimwa kwenye mizani.

Faraday alikataa cheo cha heshima cha Uingereza, na pia alikataa kuwa rais wa chama kikuu cha wanasayansi nchini humo. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Baadhi ya chupa zake za dhahabu nyekundu bado zimehifadhiwa Royal Institution.

Kwa mzazi aliyempeleka mtoto mwenye homa zahanati, jambo la kukumbuka ni hili: mstari wa C peke yake maana yake malaria haikuonekana, C na T pamoja, hata kama T imefifia, maana yake malaria ipo. C isipotokea kabisa, kipimo hicho ni kibovu, na mtoto apimwe upya.