Ronald Ngala na uwanja wenu wa vumbi

Ukiwa Nairobi, huenda ushapita Ronald Ngala Street mbio mbio ukitafuta matatu. Jina walijua, lakini mwenyewe je? Kama unachezea mpira kwenye vumbi pale Ukunda, Msambweni au Kinango, mzee huyu anakuhusu kuliko unavyodhani.

Ngala alizaliwa miaka ya 1920 huko Kilifi. Akasoma Alliance, akaenda Makerere, kisha akarudi Pwani kufundisha mpaka akawa mwalimu mkuu. Mwaka 1957, Waafrika walipowachagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, Pwani ikampeleka Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960 akawa kiongozi wa KADU pamoja na kina Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Kilikuwa chama cha jamii zilizoogopa kumezwa na KANU.

Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama kila shilingi inagawiwa Nairobi, aliye mbali na Nairobi atangoja sana. Ndiyo maana mwaka 1962, kwenye mazungumzo ya katiba kule London, alipigania majimbo. Akayapata. Katiba ya 1963 iliiweka Kwale ndani ya Jimbo la Pwani, lenye bunge lake.

Sasa skiza. KANU ilishinda uchaguzi na serikali kuu ikakalia pesa. Jimbo bila hela ni timu yenye jezi lakini haina mpira. Novemba 1964 Ngala akavunja KADU na kuhamia KANU, na majimbo yakafa. Mwaka uliofuata serikali ikatoa Sessional Paper nambari 10: pesa za maendeleo ziende kwanza penye rutuba, mvua na barabara, manake huko ndiko zitazaa haraka. Hebu niambie, Kinango na ukame wake ingepata foleni ya ngapi?

Mwaka 1966 Ngala akawa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii, wizara iliyobeba pia mambo ya michezo. Wizara alikuwa nayo, ila ufunguo wa hazina ulikuwa kwingine. Desemba 1972 akafariki baada ya ajali ya gari. Mpaka leo watu husimulia habari ya nyuki walioingia garini. Viwanja vikubwa vya taifa vilikuja baadaye, Nyayo 1983 na Kasarani 1987, vyote Nairobi.

Neno majimbo nalo likachafuliwa. Mwaka 1997 lilitumika kuwafukuza na kuwaua watu wa bara Likoni na huku kusini hadi Diani. Tusijifanye hatujui. Kudai mgao wa haki ni kitu kimoja, kumfukuza jirani ni kingine kabisa.

Katiba ya 2010 ilirudisha ile hoja kwa jina la ugatuzi. Kaunti zote zinapewa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Jedwali la Nne linasema wazi kwamba viwanja vya michezo ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo kulaumu Nairobi peke yake hakutoshi tena. Kwale ina wadi 20. Pesa zikiishia karibu na lami na mahoteli ya Diani, kijana wa Mwereni au Ndavaya yuko pale pale alipokuwa babake, tofauti ni kwamba aliyemsahau sasa yuko karibu.

Basi usingoje kampeni. Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wasikizwe. Nenda na timu yako, na muulize swali moja tu: kila wadi imetengewa ngapi za viwanja, na kwa kipimo gani? Majibu muyaandike, mwaka ujao mrudi nayo. Ngala alipata katiba akakosa hela. Nyinyi hela zipo, mkikaa kimya zitagawiwa bila nyinyi.