Eliud Mathu: Mwalimu wa Riruta Aliyewakutanisha Walimu

Ukitoka mjini Nairobi kwa Barabara ya Ngong, Kibera utaiacha mkono wa kushoto, na ukifika Dagoretti Corner, njia ya kulia itakupeleka Kawangware. Inayopakana na Kawangware ni Riruta, na hapo Riruta ndipo alipozaliwa Eliud Wambu Mathu mwaka 1910. Wengi humkumbuka kuwa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Lakini kabla ya siasa, Mathu alikuwa mwalimu, na alama aliyoiacha kwa walimu si ndogo.

Shule ya Alliance ilipofunguliwa huko Kikuyu mwaka 1926, yeye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Baadaye alikwenda Fort Hare, Afrika Kusini, na halafu Uingereza, alikosoma Exeter na Oxford. Katikati ya safari hizo alirudi Alliance, safari hii akiwa mwalimu.

Ualimu wa siku hizo ulikuwa kazi ya upweke. Kila misheni ilikuwa na shule zake, na mwalimu wa misheni hii hakuwa na njia ya kujua mwenzake wa ng'ambo ya kilima afundishaje. Mshahara wa Mwafrika ulikuwa chini ya ule wa Mzungu. Naam, kidole kimoja hakivunji chawa. Katika miaka ya 1930, Mathu na mwenzake James Gichuru waliunda chama cha walimu Waafrika wa Kenya, ili walimu wasiendelee kulia kila mtu kivyake.

Mathu aliiacha Alliance akaenda kuongoza shule ya Waithaka, Dagoretti, jirani na kwao. Oktoba 1944 Gavana alimteua kuingia Barazani. Mwezi huo huo kikazaliwa chama cha KAU, cha kumpa nguvu. Serikali ilipoona jina hilo lina harufu ya siasa, chama kikaongezewa neno la kujifunza, kikaitwa KASU, hadi mwaka 1946 kiliporudia jina lake la kwanza. Gichuru alikiongoza kabla ya kumpisha Jomo Kenyatta mwaka 1947.

Mwaka 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, naye Mathu akashindwa na Bernard Mate. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, walimu wa sehemu mbalimbali waliungana wakaunda KNUT. Basi siasa ilipomwacha mkono, mbegu aliyoipanda pamoja na Gichuru ilikuwa imechipua. Baada ya uhuru Mathu alifanya kazi Ikulu chini ya Mzee Kenyatta. Alifariki mwaka 1993.

Je, huko alikozaliwa mambo yakoje? Kawangware na Kibera zina watoto wengi kuliko nafasi za shule za serikali. Wengi wao husoma katika shule ndogo za mabati, zilizoanzishwa na wazazi, makanisa na watu binafsi. Mwalimu wa huko hakuajiriwa na tume ya serikali, mshahara wake hutegemea karo ya wazazi wasio na kitu, na mara nyingi hana chama cha kumsemea. Upweke aliopigana nao Mathu bado upo, tena mlangoni pa kwao.

Kudai mshahara ni haki, lakini kukutana kuna faida nyingine isiyongoja serikali. Walimu wanne au watano wa shule jirani waweke siku moja ya juma, saa moja tu. Mmoja afundishe hesabu za sehemu, wengine wakae nyuma ya darasa wakiwatazama watoto, si mwalimu: nani ameelewa, nani amepotea, na amepotelea wapi? Kisha wasahihishe somo pamoja, na juma lijalo mwingine alifundishe upya. Ila mwalimu mkuu asiyageuze mazungumzo hayo kuwa ushahidi wa kumfukuzia mtu kazi. Akifanya hivyo, kila mtu ataficha udhaifu wake, na mkutano utakufa.

Mathu alianza na mwenzake mmoja tu. Hata leo, mwalimu wa Kawangware anaweza kuanza kwa kubisha mlango wa darasa la pili.