Mtunga Ngano na Toba Yake

Mzazi anayewasimulia watoto wake hadithi jioni anapanda mbegu mioyoni mwao. Kama ni ngano au ni magugu, mpanzi ndiye atakayedaiwa hesabu. Jambo hili twaliona wazi katika maisha ya Jean de La Fontaine, mtunga hadithi maarufu wa Ufaransa.

Alibatizwa katika mji wa Château-Thierry tarehe 8 Julai 1621. Mwaka 1641 aliingia katika shirika la mapadre wa Oratori, lakini hakutimiza miaka miwili akatoka. Mwaka 1647 alimwoa Marie Héricart, nao wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Hakuwa mume mwema wala baba mwangalifu: alikwenda kukaa Paris kwa fadhili za wakubwa, akaiacha nyumba yake.

Hata hivyo Mungu alimpa kipaji kikubwa. Hadithi zake za wanyama zilianza kutoka mwaka 1668, akamtolea mwana wa Mfalme Louis XIV, mtoto wa miaka 6. Nyingi alizipata kwa Aesop wa Wayunani na Phaedrus wa Warumi. Mwaka 1678 alitoa nyingine, akakiri kwamba sehemu kubwa anawiwa na Pilpay, mwenye hekima wa Bara Hindi. Hizo zilikuwa zimegeuzwa kwa Kiajemi, kisha katika karne ya 8 kwa Kiarabu, ambako zaitwa Kalila na Dimna, hata zikafika Ulaya, naye akazisoma kwa Kifaransa.

Mojawapo ni ile ya kobe aliyechukuliwa angani na bata wawili, akiwa ameuma kijiti. Watu waliposhangaa, alifungua kinywa ili ajisifu, akaanguka akafa. Mtoto wa taifa lolote huielewa mara moja. Maana hekima ya kweli, hata ikitoka kwa wasiomjua Kristu, asili yake ni Mungu mmoja, wala Mkristu asione haya kuipokea.

Lakini mkono uleule uliandika pia hadithi za uasherati, kuanzia mwaka 1665. Kitabu kimojawapo kilipigwa marufuku na polisi mwaka 1675. Watu walicheka, na mwenyewe aliziona kuwa mchezo tu.

Mwishoni mwa mwaka 1692 aliugua sana. Padre kijana aitwaye Pouget, msaidizi katika parokia ya Saint-Roch huko Paris, akamwendea na kuzungumza naye siku nyingi. Mzee hakutambua upesi ubaya wa hadithi zile. Padre hakulegea: aliyewakwaza watu hadharani, yampasa atubu hadharani. Basi mzee akauteketeza mchezo wa kuigiza aliokuwa ameutunga. Tarehe 12 Februari 1693, mbele ya wajumbe wa Akademia ya Ufaransa, iliyompokea mwaka 1684, akazikana hadithi zile, akaomba radhi, akapokea Komunyo Takatifu.

Mungu akamwongezea miaka miwili, naye akajitia kutafsiri nyimbo za Kanisa. Alifariki tarehe 13 Aprili 1695. Yasimuliwa kwamba walipomvua nguo walimkuta amevaa vazi la singa, vazi la kitubio, alilokuwa amewaficha watu.

Twaamini kwamba Mungu haikatai toba ya namna hii. Lakini vitabu vilivyokwisha kuenea, mzee yule hakuweza kuvirudisha. Hata leo vyasomwa. Ndugu wazazi, hadithi zaingia nyumbani mwetu kwa kitabu, kwa redio na kwa simu. Njema tuzipokee bila kuuliza zimetoka kwa taifa gani, tuwape watoto wetu. Mbaya tuzikatae mlangoni, hata zikichekesha namna gani. Kwa maana neno likiisha kutoka kinywani, mwenyewe aweza kulijutia, lakini kulirudisha hawezi.