Lucille Ball: Mchekeshaji Aliyefanya Kazi kwa Nidhamu ya Askari

Wako watu wanaodhani kwamba kazi ya kuchekesha ni mzaha mtupu, na kwamba mwenye kuifanya hahitaji mafunzo, mazoezi wala utii. Askari mwenye mawazo hayo ataona kinyume chake akiyafuata maisha ya hayati Bibi Lucille Ball, mchezaji wa michezo ya kuchekesha ya televisheni nchini Marekani. Bibi huyu aliwachekesha mamilioni ya watu akionekana mbele yao kama mwanamke mjinga asiyejua alitendalo, ilhali nyuma ya ujinga huo wa kuigiza palikuwa na kichwa chenye hesabu kali na mwili uliozoeshwa kazi.

Lucille alizaliwa tarehe 6 Agosti 1911 katika mji wa Jamestown, jimbo la New York. Baba yake alikuwa fundi wa nyaya za simu. Mwaka 1915, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu, baba huyo alifariki kwa homa ya matumbo, naye mama akabaki mjane mwenye mimba ya mtoto wa pili. Malezi ya watoto hao wawili yakawa kwa sehemu kubwa mikononi mwa babu yao mzaa mama, Mzee Fred Hunt, aliyekaa katika kijiji cha Celoron karibu na ziwa la Chautauqua. Mzee huyo alikuwa mfanyakazi mwenye huruma kwa wanyonge na mwenye imani kubwa ya ujamaa. Alipenda sana maonyesho ya jukwaani, akawa anawachukua wajukuu wake kwenda kuyatazama. Mambo hayo mawili, mapenzi ya jukwaa na siasa ya mzee, yalikuja kumfuata Lucille maishani mwake mwote.

Mwaka 1927 nyumba hiyo ilipata msiba ambao kila mshika silaha hana budi kuuzingatia. Mzee Hunt alikuwa akiwasimamia watoto uani walipokuwa wakijifunza kulenga shabaha kwa bunduki ndogo. Mtoto wa jirani akapita mbele ya mstari wa kulengea wakati ule ule risasi ilipofyatuliwa. Risasi ikampata, akapooza. Mzee hakuwa na nia mbaya, wala si yeye aliyevuta kiwambo, lakini ndiye aliyekuwa mkubwa mahali pale, na sheria ikamshika yeye. Kesi hiyo iliifilisi familia hata nyumba yao ikapotea. Kwa dakika moja ya uzembe, mtoto mmoja alipoteza nguvu za miguu yake na jamaa nzima ikatawanyika.

Kabla ya msiba huo, Lucille alikuwa amekwisha kwenda katika jiji la New York kusomea uigizaji. Huko alisoma pamoja na Bette Davis, ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika sinema. Lakini Lucille alikuwa na haya nyingi, na walimu walimwandikia mama yake kwamba binti huyu hana kipawa na kwamba fedha za karo zinapotea bure. Akarudi nyumbani, lakini hakukata tamaa. Alikwenda tena New York, akafanya kazi ya kuonyesha mavazi katika duka la Hattie Carnegie. Huko akashikwa na ugonjwa mkali wa viungo uliomweka nje ya kazi kwa muda mrefu, ikambidi ajifunze upya kutembea vizuri.

Mwaka 1933 alipata nafasi ya kwenda Hollywood kucheza miongoni mwa wasichana wa nyuma katika sinema ya Eddie Cantor iitwayo Roman Scandals. Tangu hapo alicheza katika sinema nyingi, mara nyingi katika nafasi ndogo, kwa miaka kumi na zaidi. Wenzake wengine walizikataa kazi za kurushiwa matope au kuanguka kwa kuogopa kuharibu sura zao. Yeye alizikubali. Katika miaka ya 1940 alifunzwa na Buster Keaton, bingwa wa sinema zisizo na sauti, namna ya kutumia vitu vya jukwaani na namna ya kuvitunza. Mafunzo hayo yalimfaa kuliko yale ya chuo kilichomfukuza.

Mwaka 1940 aliolewa na Desi Arnaz, mwanamuziki kutoka Kuba ambaye jamaa yake ilikimbilia Marekani baada ya mapinduzi ya mwaka 1933. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Desi aliingia katika Jeshi la Marekani, na kwa kuwa aliumia goti alipangiwa kazi ya kuwaburudisha askari majeruhi katika hospitali ya jeshi huko California. Ndoa yao ilikuwa na upendo mwingi na matata mengi, kwa maana kazi iliwatenga mara kwa mara, mume akisafiri na bendi yake, mke akibaki studio.

Nafasi kubwa ilikuja mwaka 1950. Lucille alikuwa amevuma katika mchezo wa redio uitwao My Favorite Husband, na shirika la CBS likataka kuuhamishia kwenye televisheni. Yeye akatoa sharti moja, kwamba mume wake acheze kama mumewe. Wakubwa wa shirika walisitasita, wakidhani watazamaji wa Marekani hawatampokea mume Mkuba mwenye Kiingereza cha lafudhi ngeni. Lucille na Desi hawakupoteza wakati kwa kubishana. Walitengeneza maonyesho yao wenyewe, wakazunguka nayo mijini mbele ya watu halisi, na makofi ya watu hao yakawa ndiyo hoja yao. Mwaka huo huo waliunda kampuni yao, wakaiita Desilu kwa kuunganisha majina yao mawili.

Mchezo wao wa I Love Lucy ulianza kuonyeshwa tarehe 15 Oktoba 1951. Siku hizo michezo mingi ya televisheni ilitangazwa moja kwa moja kutoka New York, na miji ya mbali ilipelekewa nakala hafifu. Lucille na Desi walitaka kukaa California na kuupiga mchezo katika filamu nzuri ya sinema, kwa kamera tatu zikifanya kazi pamoja mbele ya watazamaji wapatao 300. Kazi ya kamera ilisimamiwa na Karl Freund, fundi mashuhuri aliyejijengea sifa huko Ujerumani. Gharama iliongezeka, kwa hiyo mume na mke wakakubali kupunguziwa mshahara dola 1,000 kwa juma, kwa sharti kwamba filamu ziwe mali yao. Wengi hawakuiona thamani ya filamu iliyokwisha kuonyeshwa mara moja. Lakini michezo hiyo ilirudiwa tena na tena, na haki zake zikauzwa baadaye kwa mamilioni ya dola. Mwishoni mwa 1957 Desilu ilizinunua studio za RKO, zile zile ambazo Lucille aliwahi kuzitumikia kama mchezaji wa kuajiriwa.

Kila juma walifanya mazoezi siku kadhaa kabla ya kupiga picha. Kama mchezo ulihitaji kufunga chokoleti kiwandani au kukanyaga zabibu, Lucille alikijaribu kila kifaa mpaka mkono wake ukizoee. Hakupenda kubahatisha. Kicheko ambacho mtazamaji alikiona kama ajali kilikuwa kimepimwa hatua kwa hatua, kama gwaride linavyopimwa kabla ya siku ya sikukuu.

Mwaka 1952 alipata mimba, na katika siku hizo mwanamke mjamzito hakuonyeshwa kwenye televisheni, hata neno lenyewe la mimba halikuruhusiwa kutamkwa. Wao waliiingiza hali hiyo katika mchezo, na hadithi zikapitiwa na kasisi, mchungaji na rabi ili zisikose heshima. Tarehe 19 Januari 1953 mtoto wao wa kiume alizaliwa, na usiku wa siku hiyo hiyo watu wapatao milioni 44 wakatazama mtoto wa mchezoni akizaliwa. Kesho yake Jenerali Eisenhower, aliyeyaongoza majeshi ya Washirika huko Ulaya, aliapishwa kuwa Rais, na watu walioitazama sherehe hiyo walikuwa wachache kuliko hao.

Lakini mwaka huo huo sifa hizo zilikaribia kuanguka zote kwa pigo moja. Marekani ilikuwa imejaa hofu ya ukomunisti, na wasanii wengi walifukuzwa kazi kwa tuhuma tu. Ikagunduliwa kwamba mwaka 1936 Lucille aliandikishwa kuwa mpiga kura wa Chama cha Kikomunisti. Tarehe 4 Septemba 1953 alihojiwa faraghani na mpelelezi wa kamati ya Bunge. Hakukana saini yake. Alieleza kwamba alifanya hivyo ili kumridhisha babu yake, aliyekuwa mzee na mgonjwa, na kwamba hakuwahi kukipigia chama hicho kura. Mzee Hunt alikuwa amefariki mwaka 1944, hivyo ingekuwa rahisi kumtupia marehemu lawama na maneno makali. Lucille alieleza jambo lilivyokuwa bila kumtukana. Siku chache baadaye habari zilivuja redioni na magazetini. Ijumaa tarehe 11 Septemba, kabla ya kupiga picha, Desi alisimama mbele ya watazamaji akamtetea mkewe, nao wakampokea kwa shangwe. Kamati ilitangaza kwamba haikuwa na ushahidi dhidi yake, na mdhamini wa mchezo hakujitoa. Wengi wasio na jina kubwa hawakuipata bahati hiyo, na kwa kukosa uchunguzi wa haki waliharibikiwa maisha. Kwa wale wenye kazi ya kuhoji na kupeleleza, hapo pana funzo juu ya tofauti kati ya tuhuma na ushahidi.

Mchezo wa I Love Lucy ulifikia kikomo mwezi Mei 1957, na ndoa ikavunjika mwaka 1960. Mwaka 1962 Lucille alinunua hisa za Desi, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kampuni kubwa ya namna hiyo huko Hollywood. Chini ya uongozi wake kampuni ilitoa michezo ya Star Trek na Mission: Impossible mwaka 1966. Mwaka uliofuata aliiuza kwa dola milioni 17 hivi. Yeye mwenyewe aliendelea kuchekesha katika The Lucy Show na Here's Lucy mpaka mwaka 1974.

Mwaka 1985 alicheza nafasi ya mwanamke maskini asiye na makao, na mwaka 1986 akajaribu mchezo mpya uliokatizwa upesi kwa kukosa watazamaji. Desi alifariki mwezi Desemba mwaka huo. Lucille alifuata tarehe 26 Aprili 1989, akiwa na umri wa miaka 77, baada ya kupasuliwa kwa ajili ya ugonjwa wa mshipa mkuu wa damu. Mwezi Julai mwaka huo Rais Bush alimtunukia Nishani ya Rais ya Uhuru, heshima ya juu kabisa kwa raia wa Marekani. Mwaka 2002 mabaki yake yalirudishwa Jamestown, yakazikwa pamoja na jamaa zake.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Bibi Lucille Ball alichumia juani miaka karibu ishirini kabla ya kupata jina, naye alipolipata hakuacha mazoezi. Askari anayenung'unika kwamba zoezi alilofanya jana linarudiwa leo na akumbuke mwanamke huyu, aliyerudia kuanguka mara nyingi ili aanguke vizuri mara moja.